Nusu ya Kabila la Manase

Kabla pikipiki hazijaingia Malaba na Busia, boda ilikuwa baiskeli. Wazee wa kazi hii wanasema ilianzia Busia miaka ya 1960, vijana wakivusha wasafiri na mizigo kutoka kizuizi cha Kenya hadi cha Uganda. Mimi niliingia baadaye sana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karo ya kuendelea haikuwepo, na marehemu baba alikuwa ameniachia baiskeli ya Black Mamba yenye keria pana ya chuma. Nilipendelea Malaba kuliko Busia kwa sababu ya malori. Dereva anayesubiri makaratasi ya forodha ana muda, ana njaa na ana pesa mfukoni, na abiria wa namna hiyo habishani sana juu ya nauli.

Ninayoyaeleza ni ya mwaka 1990. Ukiutaja mwaka huo, Wakenya wengi wanakumbuka maandamano ya Saba Saba na moshi wa Nairobi. Mimi nakumbuka wanafunzi wawili waliokodi baiskeli yangu kwa zamu. Mmoja alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kijana wa Amagoro, nasi tulimwita Injinia hata kabla hajapata shahada. Mwenziwe alitoka Limuru, katika chuo cha theolojia cha St Paul's, kile kilichoanzia Frere Town kule Mombasa mwaka 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930. Huyo aliitwa Pasta, ingawa hakuwa amewekewa mikono. Wote wawili walikuwa wakikusanya habari za tasnifu zao. Walihitaji mtu anayejua njia za panya, anayesema Kiteso na Kiswahili, na asiyeuliza maswali mengi. Sharti hilo la mwisho liliwashinda kulisimamia.

Injinia alikuwa anabuni dampa ya kiti cha boda. Kwenye gari dampa ndiyo shokabsoba, na mafundi wetu huiita shoki. Wakati ule abiria alikaa juu ya sponji iliyofunikwa kwa plastiki, sponji juu ya keria, keria imefungwa kwenye ekseli, na kila jiwe la barabara ya murram ya kwenda Busia lilimfika uti wa mgongo. Akina mama wenye watoto walishuka kwenye sehemu mbovu wakatembea. Vijana wengine walishajaribu kuweka springi za tandiko kuukuu chini ya kiti, na hali ikawa mbaya zaidi. Springi inahifadhi nguvu ya jiwe kisha inairudisha yote. Abiria anarushwa, anashuka, anarushwa tena, na likitokea shimo la pili kabla hajatulia kutoka la kwanza, unamwokota njiani pamoja na kuku wake.

"Springi peke yake haitoshi," Injinia alieleza, amechuchumaa kwenye kibanda cha fundi wa baiskeli, karibu na reli. "Tunataka kitu cha kuila ile nguvu isirudi." Kitu hicho ni oili inayolazimishwa kupita kwenye kitundu chembamba. Oili inasuguana, inapata moto, na mdundo unageuka kuwa joto linalopotelea hewani. Kitundu kikiwa kikubwa mno, kiti kinaendelea kudunda. Kikiwa kidogo mno, ni sawa na kutokuweka springi kabisa. Katikati kipo kipimo ambacho kiti kikishuka hurudi mahali pake mara moja na kutulia hapo. Hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, kwa bei ambayo kijana wa boda angeweza kuilipa.

Shoki ya kiwandani ilikuwa nzito na ghali, kwa hiyo wakatumia pampu ya baiskeli. Fundi aliikata ikabaki na urefu wa shubiri, akalehemu tundu la chini, akatoboa kisahani cha pistoni kwa keekee ndogo, akajaza oili chafu ya injini hadi juu. Ikagoma kabisa kubonyea. Injinia akakumbuka kwamba oili haishindiliki kama upepo, na shina la pampu likiingia linahitaji nafasi ya kukaa. Wakamwaga kidogo, wakaacha hewa juu, ikaanza kutembea.

Hapo ndipo lilipokuja jambo la ngozi. Ndani ya pampu kuna washa ya ngozi yenye umbo la kikombe. Ukisukuma, inatanuka na kushika ukuta wa bomba; ukivuta, inanywea na kuachia. Kwa ajili hiyo kiti chetu kilikuwa kigumu kushuka na chepesi kupanda. Jiwe lilimpiga abiria kwa nguvu zake zote, kisha springi ikamrusha bila kizuizi. Injinia alikaa na daftari lake hadi giza likaingia. Fundi, ambaye shule aliiacha darasa la tano, akaifungua ile pampu, akaigeuza ngozi mdomo ukaangalia upande wa pili, akafunga.

"Sasa ishuke inavyotaka," akasema, "lakini kupanda ipande kwa shida."

Injinia alicheka hadi akakaa chini kwenye vumbi. Shoki za magari, akatuambia, zimetengenezwa vivyo hivyo, laini kwenye kubonyea na ngumu kwenye kurudi, na yeye alikuwa ameyasoma hayo kitabuni muhula uliopita tu. Fundi hakuona kichekesho kiko wapi. Alidai pesa za kulehemu.

Kupima kulifanywa kwa vitu vya nyumbani. Tulifunga penseli ubavuni mwa kiti, Injinia akakibonyeza na kukiachia, nami nikavuta karatasi mbele ya penseli kwa mwendo mmoja. Bila dampa, karatasi ilijaa milima na mabonde yanayopungua polepole hadi mwisho wa ukurasa. Ikiwa na dampa, ulipata mlima mmoja, kilima kidogo, kisha mstari. Alipima urefu wa kilele cha kwanza na cha pili, akagawanya, akatafuta logi ya jibu, na kutokana na namba hiyo akajua kiasi cha nguvu kilicholiwa katika kila mdundo. Mimi nilikuwa na kitabu cha logi cha shuleni, na sijawahi kukitumia kwa raha kama wakati ule. Tatizo halikuwa hesabu. Mahali shina linapoingilia kwenye mfuniko, oili ilitoka. Fundi alijaribu kuziba kwa raba ya tyubu, ikashika kwa muda, kisha ikaanza tena, na muuza sabuni mmoja akashuka na doa jeusi kwenye nguo ya kanisani. Tulimlipa. Hakusahau.

Mama huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenye maneno mengi zaidi kwenye kundi la Pasta. Walikutana chini ya mwembe nyuma ya kanisa, Jumamosi alasiri, soko likitulia: wanawake wa magendo madogo waliopeleka sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia ng'ambo na kurudi na maharagwe, karani wa kupitisha mizigo, mzee aliyestaafu kazi ya reli, fundi, ambaye alikuja kwa sababu ya chai, na nyanya mmoja wa Kiteso aliyeketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Pasta hakuhubiri. Alisoma sura, akauliza watu wanaona nini, akaandika. Mkobani alikuwa na kitabu cha John Mbiti kilichotoka mwaka 1971, kinachochunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya Agano Jipya juu ya siku za mwisho. Mbiti alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, saa chache tu kwa basi kutoka mahali tulipoketi. "Yeye aliwauliza Wakamba kuhusu wakati," Pasta alisema. "Mimi nawauliza watu wa mpaka kuhusu mpaka."

Alianza na Mathayo, mtoza ushuru aliyeitwa na Yesu akiwa ameketi forodhani. Alitegemea, nadhani, mazungumzo juu ya toba. Muuza sabuni akauliza: siku Mathayo alipoinuka na kuondoka, kiti chake kilikaliwa na nani? Maana foleni ilikuwa bado ipo. Karani akaangalia viatu vyake. Walipofika kwa Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne, mabishano yalikuwa juu ya risiti: aliyenyang'anywa bila risiti atathibitishaje? Siku hizi vijana wakimpa rais jina la Zakayo kwa sababu ya kodi, huwa nawakumbuka wanawake wale. Walikuwa wamemchunguza Zakayo vizuri zaidi.

Lakini kilichowashika watu ni Yoshua, sura ya 22. Sikumbuki kuisikia ikihubiriwa popote kabla ya hapo. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase wamepewa urithi wao mashariki ya Yordani. Wanarudi makwao baada ya vita, na wakifika mtoni wanajenga madhabahu kubwa. Ndugu zao wa magharibi wanasikia, wanaona huo ni uasi, wanakusanyika Shilo tayari kwa vita. Kabla ya kupigana wanamtuma Finehasi, mwana wa kuhani, pamoja na wakuu kumi. Watu wa mashariki wanajieleza: hii si madhabahu ya kutolea sadaka, ni ushahidi. Tumeogopa kwamba siku moja watoto wenu watawaambia watoto wetu kuwa mto ni mpaka, na kwamba hawana sehemu na Mungu wa Israeli.

Wasomi, Pasta alitueleza, huisoma sura hii kama habari ya ibada: mahali pamoja tu pa kutolea sadaka, na hatari ya mahali pa pili. Hakuna mtu chini ya mwembe aliyejali ibada. Walichokamata ni nusu ya Manase. Kabila moja limekatwa katikati na mto, nusu huku, nusu kule. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mpaka ukasogea hadi kwetu. Wateso wakajikuta wengine watu wa Tororo na wengine watu wa Nairobi, na kusini Wasamia wakapata hayo hayo. Mzee wa reli alisema kwa kifupi: "Hao ni sisi."

Nyanya akamgeukia Pasta. "Mwanangu, hawa Wamanase wa ng'ambo walikuwa na shangazi upande wa pili?"

"Biblia haisemi, nyanya."

"Basi walioandika walisahau jambo kubwa. Wanaume wamejenga mawe. Kinachowashika watu ni shangazi, na matanga."

Mzee wa reli akaeleza habari ya Desemba 1987, majeshi ya nchi mbili yalipofyatuliana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Ndugu yake wa tumbo moja alizikwa upande wa Tororo siku hizo hizo, na yeye alibaki huku akisikiliza redio. Baadaye alipovuka, watoto wa marehemu walimsalimu kwa heshima, kama mgeni. Ndiyo hofu ya watu wa mashariki, akasema: si vita, ni watoto. Wetu walikuwa kwenye mfumo wa elimu wa 8-4-4, wa shemeji zetu walikuwa na mitihani yao na noti zao, na kila upande ulianza kuucheka upande wa pili kwa namna ulivyosema Kiteso.

Injinia alikuwapo siku hiyo, mikono bado ina oili. Aliomba kusema. Kwake yeye, hao wakuu kumi na Finehasi ndio dampa. Hasira ilishakusanyika Shilo, na hakuna aliyeweza kuizuia isikusanyike. Ililazimishwa kupita kwenye kitundu chembamba cha maneno, ikatoka upande wa pili ikiwa imepoa. Pasta alilipenda hilo, akaliandika mbio mbio.

"Na ngozi ni nani?" fundi akauliza. "Kwenye dampa kitu cha kwanza kuoza ni ngozi."

Hakujibiwa. Nyanya aliomba chai.

Halafu ikaja Agosti. Waziri wa kazi, Peter Okondo, mbunge kutoka wilaya yetu ya Busia, alionya hadharani kwamba maaskofu Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Maaskofu hao walikuwa wameisema serikali ya Moi kwa miaka, juu ya ardhi, njaa na uchaguzi wa kupanga foleni. Muge akatangaza kwamba atakuja.

Alikuja Jumanne tarehe 14. Pasta alinilipia nauli ya matatu, na Injinia akajilipia yake. Ninachokumbuka Busia ni watu waliofunga maduka wenyewe bila kuambiwa, na nyimbo, na wanaume waliosimama pembeni wakiwa na makoti licha ya joto, ambao kila mtu alijua kazi yao. Askofu alionekana, alisalimia, alizungumza, aliondoka salama. Tulirudi Malaba tukiamini kwamba mambo yameisha vizuri. Jioni habari ikafika: akiwa njiani kurudi Eldoret, pale Kipkaren, lori liligongana na gari lake, naye amefariki. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye.

Jumamosi iliyofuata kundi lilikuwa kubwa kuliko kawaida, na nyuso nyingine hazikuwa za kawaida yetu. Hakuna aliyefungua Biblia. Muuza sabuni alianza na Injinia. Wewe ni mtu wa magari, mwanangu. Ilikuwa ajali, au haikuwa?

"Sijaliona gari, mama."

Akambana. Injinia akataja vitu ambavyo angetaka kuviona kabla ya kufungua mdomo: alama za matairi barabarani na zinapoanzia, breki za lori, usukani, uzito wa mzigo, mahali magari yalipogusana na mahali yaliposimama. "Sina hata kimoja. Nikikujibu ndiyo au hapana, nitakuwa nakuuzia maoni yangu kwa jina la kazi yangu."

Wakamgeukia Pasta. Maneno ya waziri yalikuwa nini basi, unabii? Alikaa kimya kwa muda. Alisema nabii hutumwa na Mungu, na hajui popote waziri alipotumwa. Lile lilikuwa neno la mtu mwenye cheo, lililosemwa siku fulani, kwa watu fulani, na waliolisikia walilielewa. Mwenye cheo hujibu kwa namna neno lake linavyoeleweka. Hadi hapo kazi yake ya kufasiri ilimfikisha. "Lakini siwezi kulifasiri neno hadi likaniambia kilichotokea barabarani Kipkaren."

Watu walitawanyika wamenuna. Walitaka mmoja wa wasomi wao aseme lile ambalo kila mtu alikuwa akilinong'ona kwenye vibanda vya chai. Wapo waliosema vijana wameogopa wale wageni wa makoti, na uoga ulikuwepo, sitabisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu hatua kutoka pale mwembeni hadi kwenye baiskeli. Hata hivyo, majibu yale mawili ndiyo yaliyonifundisha maana ya utafiti kuliko karatasi zote za penseli. Mtu mwenye ujuzi anayekataa kuutumia mahali usipofika ni adimu. Nimeishi mpakani miaka sitini na kitu, nimewasikia wataalamu wa kila aina wakija na magari meupe, na wengi wao hawana shida kabisa kuelezea gari ambalo hawajaliona.

Dereva wa lori alifungwa, akafia gerezani. Miaka mingi baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, mtu aliyewahi kuwa ofisa wa usalama alitoa ushahidi kwamba kifo cha askofu kilipangwa. Nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa nimeketi na fundi, wakati huo amezeeka na macho yameingia ukungu, na nikamsomea yote. Aliniuliza kama walieleza juu ya alama za matairi. Gazeti halikuwa limeandika hayo.

Pasta alimaliza tasnifu yake. Alinionyesha sura moja, na shangazi wa Wamanase yumo ndani, pamoja na swali la kiti cha Mathayo. Habari za Agosti hazimo. Aliwekewa mikono, akahudumu mbali na huku, na kila akipita kwenda Uganda hutuma salamu kwa waliobaki katika kundi, ambao sasa hawafiki watano. Mpaka wenyewe umelegea. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Museveni wakiwapo, na msafiri sasa anamalizia makaratasi ya nchi zote mbili mahali pamoja. Malori ya Malaba bado yanapanga foleni, safari nyingine ndefu kuliko zile za zamani.

Na dampa? Injinia alipata alama nzuri na kazi ya kiwandani. Fundi hakungoja shahada ya mtu: aliendelea kuzitengeneza kwa vijana wa boda waliozitaka, kila moja na ngozi yake imegeuzwa, hadi pikipiki zilipoingia kwa wingi zikiwa na shoki zao kutoka kiwandani. Moja ninayo. Nimeifunga chini ya kiti cha baiskeli ya mjukuu wangu, na juzi Injinia aliponipigia simu kunijulisha kwamba amestaafu, nilimwambia bado inafanya kazi.

"Inavuja?"

"Inavuja."

"Kwenye mfuniko, sio? Tafuta raba ya mlango wa friji, ikate mviringo, halafu..." Akaanza kunieleza, na salio lililokuwa likiliwa ni lake, maana ndiye aliyepiga.